Maswali ya wasomaji: Diski ya kauri inapimwa kwa mizani

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi niko Dubai, nimenunua Porsche 911 Turbo S used, ile ya toleo la 991 yenye kaliba (vishikio vya pedi za breki) za njano. Gereji wamefungua wakasema diski mbili za breki za mbele zimekwisha nibadilishe, lakini nimepima unene ni karibu sawa na mpya kabisa. Hawa jamaa wananipiga au?

JIBU: Salama ndugu yangu. Usiwakasirikie bado, inawezekana kabisa wanasema kweli. Diski ya chuma inalika na pedi mpaka inakuwa nyembamba, ndo maana tumezoea kupima unene, ila hiyo yako siyo chuma, ni ya kauri, yaani nyuzi za kaboni zilizoshikwa na silikoni kabaidi, ngumu kweli kweli, pedi haiwezi kuila kirahisi. Kinachoimaliza ni joto. Gari likipelekwa trakini, yaani uwanja wa mbio za magari, na hapo Dubai Autodrome ipo jirani tu, likapigwa breki za nguvu kila kona, diski inapata moto mpaka kaboni ya ndani inaungua na hewa na kutoka kama gesi, unene unabaki palepale lakini diski imeshakuwa nyepesi na dhaifu. Barabarani kwa mwendo wa kawaida hali hiyo huioni, diski inaweza kudumu miaka na miaka.

Kwa hiyo omba diski ishushwe, ioshwe vumbi lote, ikaushwe, halafu ipimwe kwenye mizani ya gramu mbele yako. Kwenye kofia ya katikati imeandikwa uzito wa chini unaoruhusiwa. Ikiwa chini ya hapo hakuna cha kujadili, imekwisha hata kama inang'aa. Kuna na kifaa kinaitwa Carboteq, kinawekwa juu ya diski bila kuifungua na kusoma kaboni iliyobaki, gereji kubwa za huko wanacho. Gereji ikikataa kukuonyesha namba yoyote, chukua gari lako uondoke, maana bei ya diski hizi unanunua gari dogo zima la kutembelea na chenji inabaki. Mipasuko myembamba kama wavu usoni isikutishe, imetoka nayo kiwandani. Ufa unaotoka kwenye tundu kwenda ukingoni ndo wa kuogopa.

SWALI: Nimesikia diski hizi za kauri Ulaya wanazikarabati zinarudi kama mpya. Ni kweli au ni stori? (Msomaji, Ujerumani)

JIBU: Ni kweli, na hapo ulipo uko karibu nao. Diski inatolewa kofia, inasafishwa, inajazwa upya kaboni na silikoni kwenye tanuri la joto kali sana, silikoni yenyewe inayeyuka kwenye 1414°C hivi kwa hiyo siyo tanuri la gereji ya mtaani, kisha uso unasagwa kwa jiwe la almasi na diski inabalansiwa. Sasa kuwa makini hapa, wapo wanaosaga uso tu wakaita ukarabati. Huko ni kuondoa tabaka la juu linaloshikana na pedi, kaboni iliyoungua ndani haijarudi, na uzito ndo umepungua zaidi! Waulize uzito kabla na baada, kwa maandishi. Na diski iliyorudi ifungwe na pedi mpya za aina yake, pedi za diski ya chuma usiziweke kabisa.

SWALI: Asalaam aleikum. Cayenne yangu ina breki za kauri, fundi tairi hapa Muscat kang'oa gurudumu, rimu ikagonga diski ikamegeka kidogo ukingoni. Nifanyeje?

JIBU: Waaleikum salaam, pole sana. Ukingo wa hizi diski haupendi kugongwa hata kidogo. Kama ni kipande kidogo cha ukingoni na hakijaingia sehemu pedi inaposugua, mara nyingi diski inaendelea kutumika, ila aangalie mtu mwenye kitabu cha vipimo cha gari lako, usikadirie kwa macho. Kikiwa kimeingia kwenye uso wa pedi, au kuna ufa, gari lisimame. Siku nyingine mwambie fundi akishatoa bolti mbili za kwanza afunge pini ndefu za kuongozea mahali pake, ndo atoe zilizobaki, gurudumu litoke limenyooka bila kuyumba, na kulirudisha vilevile.