Sili huhesabiwa miaka kwenye chonge. Na mgebuka je?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nafundisha biolojia hapa Ujiji. Nimesoma kwamba Ziwa Baikal la Urusi, lenye kina kuliko Tanganyika letu, lina sili, wanyama wa majini wanaonyonyesha, na umri wao hujulikana kwa kuhesabu tabaka za meno. Inafanyikaje? Na mgebuka, samaki wa ziwa letu, tunaweza kumhesabia meno?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Sili hali chakula sawasawa mwaka mzima. Kuna miezi ya shibe, na kuna miezi ya kuzaa na kubadili manyoya ambapo hula kidogo au hafungi safari ya kuwinda kabisa. Jino huendelea kujengwa wakati wote huo, ila tabaka la shibe halifanani na la njaa. Jozi moja, la kung'aa na la giza, ndiyo mwaka.

Huchukuliwa chonge, lile jino lenye ncha, maana mzizi wake ni mkubwa. Hulowekwa kwenye asidi hadi chokaa itoke na jino lilegee kama gegedu, kisha hukatwa vipande vyembamba vya kupitisha mwanga, vikatiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini. Mstari mmoja hujitenga na mingine: ni wa kuzaliwa. Hesabu huanzia hapo. Wanafunzi wengi hukosea mwelekeo. Dentini, yaani sehemu ngumu inayounda mwili wa jino, hujengwa kwenda ndani, hivyo mwaka wa kwanza uko nje. Uwazi wa katikati ukijaa, dentini haiongezi tena mwaka. Kwa sili mzee husomwa sementi, ganda la mzizi, ambalo huongezeka kwenda nje. Kwa njia hii wamepatikana sili wa Baikal waliopita miaka 50.

Lakini tabaka si mwaka mpaka lithibitishwe. Mwanabiolojia Victor Scheffer wa Marekani, katika kazi yake ya 1950, alitumia meno ya sili wa Alaska waliotiwa alama wakiwa wachanga, ambao umri wao ulikuwa unajulikana. Hesabu isiyopimwa hivyo mimi siipokei.

Sasa mgebuka. Meno yake hung'oka yakaota mengine, kwa hiyo hayatunzi kumbukumbu. Umri wake uko kwenye vijiwe vya sikio, vile vyeupe unavyovikuta ukila kichwa. Ugumu ni kwamba ziwa letu halina baridi kali ya kuchora mstari wazi. Tunategemea mabadiliko ya msimu wa kusi, na pete zake ni hafifu. Kwa dagaa, wa maisha mafupi, ni afadhali kuhesabu pete za siku.

Asubuhi moja pitia mwalo wa Kibirizi, upate mgebuka wachache wa ukubwa tofauti. Andikeni urefu wa kila mmoja kabla ya kumpasua kichwa, mviweke vijiwe kwenye maji juu ya kitambaa cheusi, na atakayehesabu pete asiambiwe urefu.