Kijiko kitapita wapi?

Ninyi mnaoanza kuchora bustani za mjini, mkishachora bwawa la kupokea maji ya mvua, kabla hamjabishana rangi ya mabenchi jiulizeni: kijiko, ule mtambo wa kuchimbua na kuzoa tope, kitapita wapi?

Mimi sikujiuliza. Bwawa langu la kwanza hapa Dar es Salaam nililizungushia miti, mabenchi na kinjia cha waenda kwa miguu. Lilipendeza kweli. Masika yalipokuja likajaa mchanga mpaka kwenye bomba la kutolea maji, na mtambo hauna pa kuingilia. Ikabidi lizolewe kwa machepe na matoroli, vibarua matopeni hadi magotini, na mabenchi mawili yakang'olewa. Moja hatujaliona tena.

Maji tunajua kuyapigia hesabu: milimita 50 za mvua juu ya hekta moja ni mita za ujazo 500, kabla ardhi haijanywa chake. Tope ndilo tunalolisahau. Nendeni Jangwani mkautazame mto Msimbazi. Unashuka na mchanga kutoka huko juu, ukifika kwenye tambarare mwendo unapungua, unautua mzigo palepale. Kina kikipungua, maji yanapanda barabarani.

Bustani nayo itatuliwa mzigo, utake usitake, kwa hiyo chagua wewe pa kuutulia. Maji yanapoingilia, weka kijibwawa kidogo mbele ya bwawa kubwa. Sakafu yake iwe ya zege, maana dereva wa kijiko asipogonga kitu kigumu atachimba tu, kila mwaka shimo linaongezeka. Simika na nguzo yenye alama. Tope likifika nusu, lizolewe. Njia ya tipa ishindilie kokoto, ukoka uote juu. Wapita njia wataiona nyasi tu.

Tena, usichore kabla hujakinga maji ya mtaro kwenye chupa mvua inaponyesha. Itikise, iache mezani. Mchanga hushuka ndani ya dakika moja, ila udongo wa mfinyanzi unaweza kukaa siku tatu maji bado mekundu. Huo kijibwawa hakiuwezi. Unataka matete na maji yaendayo taratibu, na zaidi unataka ule mteremko ulio wazi huko juu uoteshwe majani.

Wakati wa kuzoa ni Februari, kabla ya masika. Dizeli ya kijiko atalipa nani? Mwulizeni mteja kabla hajasaini mchoro.