Umerithi 504 ya baba? Acha habari ya rangi

Tangu niweke picha za Peugeot 504 yangu ikiwa Wundanyi, juu milimani Taita, simu haijatulia. Wengi wananipongeza, nami nimepokea kwa mikono miwili. Wachache wanauliza bei, na hao nawajibu papo hapo kwamba haiuzwi. Lakini kuna kijana wa Mikindani, hapa hapa Mombasa, aliyeniandikia ujumbe mrefu ulionikalisha kitako. Ameachiwa Peugeot 504 na marehemu babake, Mwenyezi Mungu amrehemu. Imekaa chini ya mwembe tangu mzee aanze kuugua. Fundi wa mtaani kwao kamwambia atoe pesa ya rangi, rimu na viti, na baada ya wiki mbili ataingia nayo mjini watu wageuze shingo. Swali lake kwangu: "Kaka, niipige rangi gani?"

Si wa kwanza. Kila anayenitafuta huanzia kwenye rangi. Na jawabu langu ni lile lile, leo nalitoa mbele ya wote: kutu kwanza. Rangi ni kazi ya mwisho kabisa, na pengine mwaka huu isikuhusu.

Yangu nayo ilikuwa ya baba. Ilikaa uani kwetu Kisauni miaka mingi, kuku wakitagia kiti cha nyuma na mamangu akianika pilipili juu ya boneti. Kila mgeni akija lazima aulize, "Hii mbona hamuwauzii watu wa vyuma chakavu?" Ndugu zangu walilisema hilo kuwashinda wageni. Nitalirudia huko mbele, maana bado linaniuma.

Kwa asiyejua, 504 si gari ya kubeza. Ilitoka 1968, bodi ikiwa imechorwa na Pininfarina wa Italia, na mwaka uliofuata ikachaguliwa gari bora ya mwaka huko Ulaya. Safari Rally ya 1975 aliichukua Ove Andersson akiwa ndani ya 504, na 1978 Jean-Pierre Nicolas akaichukua tena na ile ya milango miwili yenye injini ya V6. Ile ndefu ya safu tatu za viti ndiyo iliyowabeba wazazi wetu kwenda bara na kurudi kabla ya Nissan kuteka barabara. Na lililo muhimu kwako wewe kuliko ushindi wote huo: fundi yeyote mwenye mvi hapa Mombasa keshaifungua injini yake. Ujuzi wake bado uko mitaani, ila wenye nao wanazeeka, kwa hiyo usichelewe.

Siku niliyoamua, injini sikuigusa. Nilitoa kiti cha dereva, nikang'oa zulia. Chini ya zulia kuna mkeka mzito wa kuzuia kelele, nao ulikuwa umelowa chapa ilhali mvua haijanyesha. Nikaishika bisibisi pana, nikawa nagonga sakafu kwa mpini: ti, ti, ti, mlio wa chuma kizima. Nilipofika chini ya pedali ya klachi mlio ukafa. Nikaigeuza, nikasukuma kwa ncha, tena bila nguvu. Ikazama hadi kwenye mpini. Nilipoichomoa nikaona mchanga wa uani kwetu, na sisimizi wanapita zao. Na ujue upande huo, ukiutazama kwa nje, ulikuwa na rangi ya kutamanika.

Basi ndiyo maana nasema kupiga rangi juu ya kutu ni kumtia wanja mgonjwa. Pita na bisibisi yako sakafu yote, kingo za chini ya milango, ndani ya madigadi ya mbele pale zinaposhika shokamzoba, na kile kishimo cha tairi ya akiba. Pale shokamzoba zinaposhika usipafanyie mzaha, ndipo gari inapobebwa. Panapotoboka, kata mpaka ufikie chuma kinachong'aa. Kiraka kiwe cha bati jeusi, si mabati ya kuezekea. Yale yamepakwa zinki, na moshi wake wakati wa kuchomelea ukiuvuta utalala na homa. Toa betri, shusha tangi la mafuta, weka ndoo ya mchanga karibu. Mashine ya MIG, ile ya umeme inayochomelea kwa waya, ni afadhali kuliko gesi, kwa sababu moto wa gesi huyakunja mabati membamba, halafu fundi aje afiche mikunjo kwa fila, ule udongo wa kusawazishia bodi. Fila hunywa maji. Maji huleta kutu. Unanielewa?

Sisi wa pwani tuna shida ya ziada. Kwamba hewa yetu ina chumvi, hilo kila mtu analijua. Linalosahaulika ni maji. Visima vyetu vingi vina maji ya chumvi, na ndiyo tunayooshea magari kwa kuwa mfereji siku nyingi ni mkavu. Mtu anachomelea sakafu kwa gharama, Jumamosi anaimwagia gari maji ya kisima kutoka juu mpaka chini, kisha anashangaa kutu imerudi. Wengine huyatia hata ndani ya rejeta! Mimi nakinga maji ya mvua kwenye mapipa, na yakiisha nanunua mtungi wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kwa wale wa mikokoteni. Jirani yangu mmoja huniita mwendawazimu ninapofuta gari kwa kitambaa na nusu ndoo. Yeye gari yake mpya kabisa, na milango yake imeanza kutoa mapele chini.

Kuchomelea nilimwita fundi nyumbani, afanyie uani, mbele ya macho yangu. Gari yangu haiingii tena gereji ya mtu. Nilipoipeleka mahali kwa kazi ya breki tu, ilirudi na kabureta isiyo yake. Niliacha kabureta safi ya Solex, nikarudishiwa dude limefungwa kwa waya, na nilipouliza nikaambiwa, "Ndiyo hiyo hiyo, mzee." Wenyewe wanajijua. Kwa hiyo kama una ua, una kivuli na una jeki nzuri na stendi za chuma za kuishikilia, basi una gereji. Fundi alipwe kwa kazi ya siku, ale chakula kwako, na spea zikae chumbani kwako, si kwake. Piga picha kila kitu kabla hakijafunguliwa, na nati za kila sehemu zitie kwenye kopo lake, uandike juu. Faida ya kwenda polepole ni hiyo pia: mwezi usipokuwa na pesa, gari inakungoja, haikudai kodi ya kulala gereji.

Baada ya kutu ni breki, kisha joto. Breki sizungumzi sana: mipira yote mipya, masta silinda ifunguliwe, na mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hata kama hujaendesha, kwa sababu hufyonza unyevu wa hewa, na hewa yetu sote tunaijua.

Joto ndilo lililoua 504 nyingi hapa. Injini yake ya lita mbili ina bloku ya chuma lakini hedi, kile kichwa cha juu cha injini, ni ya alumini. Ikichemka mara moja vizuri, hedi inajipinda na gasketi inaungua. Sasa sikiliza mafundi wetu wanavyofanya. Gari ikichemka, kitu cha kwanza ni kung'oa thamostati, ile vali inayopima joto la maji ya injini, na kuitupa. Cha pili ni feni. Ile ya asili ina klachi ya sumaku ya umeme inayoishika joto likipanda na kuiachia likishuka, kitu cha akili kabisa, wao wanaikaza izunguke moja kwa moja. Wakati ugonjwa wenyewe ni rejeta iliyojaa magamba ya ile chumvi ya kisima! Tafuta mtu wa rejeta wa zamani, aifungue juu na chini, aipige rodi matundu yote, aichomelee tena kwa risasi. Tia thamostati mpya na kulanti, basi. Mimi nilipanda kutoka baharini mpaka Wundanyi, mlima ule mnaujua wenyewe, na mshale ulikaa katikati. Kilichonisumbua huko juu ni pumzi tu: hewa ya mlimani ni nyepesi, kabureta ikawa inamwaga petroli kuliko inavyohitajika, ikatoa moshi mweusi kidogo. Niliporudi chini ikatulia yenyewe.

Nafahamu wengi wenu mnasubiri nifike kwenye kuiboresha. Haya. Nimebadilisha mfumo wa moto, nimetoa pointi na kutia wa elektroniki, sasa inawaka kwa mshiko mmoja hata asubuhi ya kusi yenye unyevu. Taa nimezitilia rilei ili umeme usipitie swichi nzee, na mwanga umekuwa mwingine kabisa. Mikanda ya viti, mbele na nyuma. Yatosha. Gia ya mkono wa usukani nimeiacha. Injini ni yake. Kuna wanaoing'oa na kutia ya Toyota, sina ugomvi nao, lakini wajue namba ya injini imo kwenye logbook, ile hati ya umiliki wa gari, na kubadilisha injini au rangi bila kuwaarifu NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ni kujitafutia kesi barabarani. Tena sijaona hekima ya kuitia nguvu gari ambayo hujaipa uwezo wa kusimama. Vijana wa siku hizi mnataka mlio. Eksozi inapiga mizinga kutoka Buxton hadi Nyali, chini sakafu imeoza, na ukimwambia anakwambia una wivu. Subira hatuna! Tumezoea kila kitu kije siku ile ile. Gari ya mzee haiendi hivyo, na wala ndoa haiendi hivyo, lakini hayo si ya leo.

Rangi, ili usiseme nimekunyima. Ngoja kaskazi, Januari au Februari, hewa ikiwa kavu. Rangi ya duko ya kawaida ukiipiga wakati wa masika huingiwa na ukungu mweupe, kwa sababu thina ikiruka hupoza bati na unyevu hunasa juu ya rangi mbichi. Zile za kuchanganya na hadena ni ngumu na zinang'aa, ila hadena yake ina kemikali za isosaianeti zinazoharibu mapafu, na kitambaa cha kufunga puani hakizuii kitu. Kazi hiyo mpe mwenye chumba na mashine ya hewa. Yangu ni nyeupe ile ile aliyoiacha baba.

Sasa lile nililoahidi. Gari ilipokuwa banda la kuku, ilikuwa mzigo wangu. "Wewe ndiye uliyeitaka, haya." Hakuna aliyewahi kuja kunishikia tochi. Ilipopita barabarani siku ya Idi inang'aa, ghafla ikawa "gari ya baba yetu". Kakangu mkubwa ndiye aliyeanza, mbele ya wageni, sinia la pilau likiwa katikati, akataka ithaminiwe na igawanywe kama mirathi mingine. Na kwa haki ya Mungu, kisheria hakukosea. Baba aliacha mjane na watoto, mama ana thumuni yake, kila mwana wa kiume fungu mara mbili ya binti, na gari ni mali kama shamba. Tulichozozania ni thamani ya lini: ya siku baba alipofariki, au ya siku ile ya Idi?

Kilichoniokoa ni daftari. Kila risiti, hata ya msasa, nilikuwa nimeibandika, na karatasi ya fundi isiyo na muhuri nilimwambia aitie sahihi. Ami yetu alipokaa kitako kutupatanisha, nilimwekea daftari na picha za ule mchanga unaoonekana kwenye sakafu. Akaamua gari ihesabiwe kwa bei ya chuma chakavu, ile ile ambayo wao wenyewe walikuwa wakiitaja, na nikamlipa kila mtu fungu lake mkononi. Kakangu alipokea. Mpaka leo nikimkuta stejini Kongowea nikasimama kumpa lifti, ananiambia tangulia, anangoja matatu.

Kwa hiyo wewe wa Mikindani, kabla ya bisibisi kuna karatasi. Logbook ina jina la marehemu, na NTSA hawatakuhamishia umiliki kwa maneno ya mdomo. Nendeni mahakamani mpate hati ya kusimamia mirathi, na kama ni Waislamu mlango wenu ni wa Kadhi. Nduguzo waandike mbele ya mashahidi kwamba wamekuachia, au wataje bei sasa hivi, wakati bado iko chini ya mwembe na haina anayeitamani. Hilo likiisha, ng'oa zulia la upande wa dereva, piga picha mchana kweupe, unitumie. Nitakwambia kama ni kiraka au ni sakafu nzima.