Probiotiki kwa vifaranga: usizikoroge ndoo moja na antibiotiki

Wafugaji wenzangu, hizi probiotiki za unga siku hizi zimejaa maduka ya dawa za mifugo na mimi nazitumia sana, vifaranga wangu wakifika tu bandani wanazikuta kwenye maji. Ila naona watu wananunua halafu wanakoroga ndoo moja na OTC, ile antibiotiki ya unga wa njano, jamani hapo umemwaga hela. Probiotiki ni bakteria hai, na antibiotiki kazi yake ni kuua bakteria, haijui yupi umemnunua na yupi adui.

Kifaranga aliyelelewa na mama yake anadonoa pale pale mama alipochakura, bakteria wazuri anawapata bila mtu kumpa. Huyu wetu wa mashine hajawahi hata kumuona kuku mkubwa, katoka kwenye trei kaingia boksi, kutoka boksi kaingia bruda, pale pa kulelea vifaranga kwa joto, utumboni bado kweupe, ni kama daladala asubuhi, anayewahi ndo anapata siti. Wakiwahi wazuri, salmonela, yule bakteria wa ugonjwa, akija anakuta pamejaa, chakula kimeliwa na asidi waliyotengeneza wenzake inamkwamisha. Tena sehemu kubwa ya kinga ya kuku iko huko huko utumboni, inajifunza kazi kwa kukutana na hao bakteria. Na hili lina ushahidi wa siku nyingi, mwaka 1973 Nurmi na Rantala wa Ufini walichukua vitu vya utumboni mwa kuku wakubwa wakawapa vifaranga, na wale vifaranga wakaweza kuhimili salmonela.

Kwa hiyo wape mapema, siku ile ile wanayoingia. Maji ya bomba yana klorini nayo inaua, mimi nakinga jioni nayaacha kwenye ndoo wazi usiku kucha. Yasiwe ya moto, na yakibaki mwaga, kesho koroga mapya. Kama bwana mifugo amekuandikia antibiotiki, maliza dozi kwanza ndo uanze probiotiki, hapo ndo zina faida sana maana dozi imefagia mpaka wale wazuri.

Ninachokiona kwangu ni huku nyuma, ukimgeuza kifaranga unakuta manyoya makavu, kinyesi hakijagandia, na maranda hayapigi ile harufu ya kuchoma macho haraka. Lakini usije ukaacha chanjo ya gumboro au ukapunguza joto la bruda eti una probiotiki, na wakianza kuhara damu hiyo mara nyingi ni koksi, ugonjwa wa vimelea vya utumboni, tafuta dawa yake.

Dukani soma pakiti. Lazima iandikwe jina la bakteria, Lactobacillus, Bacillus subtilis, na tarehe ya kuisha. Hizo za Bacillus zinavumilia joto, ndo nzuri za kuchanganya kwenye stata, chakula cha kuanzia vifaranga. Isiyotaja bakteria wake iache hapo hapo, na iliyokuwa inapigwa jua dirishani pia iache. Ukishafungua funga vizuri uweke pakavu, unga ukishashika madonge usiwape.