Jibu: nguvu ya mgongano inabadilika nikibadilisha muda wa kurekodi

Mkuu, umeuliza kwa nini nguvu ya mgongano wa mabehewa yako ya hapo Tabora, unaouiga kwenye kompyuta, inabadilika ukirekodi mara nyingi zaidi. Hesabu yenyewe ya mgongano haijabadilika. Ulipopunguza muda kati ya rekodi kutoka milisekunde 1 hadi 0.1, ulichobadilisha ni kinachoandikwa tu. Hatua ya muda, yaani mruko mdogo ambao programu husogeza hesabu kila mara, huamuliwa na elementi (kipande cha modeli) iliyo ndogo kuliko zote: wimbi hupita kwenye chuma kwa takriban mita 5,000 kwa sekunde, hivyo elementi ya milimita 5 haivumilii hatua inayozidi maikrosekunde 1. Maana yake ulipokuwa ukirekodi kila milisekunde 1, kati ya rekodi moja na nyingine zilipita hatua kama 1,000, na kilele cha nguvu kikapita humohumo bila kuandikwa.

Baadhi ya programu hufupisha hatua ili ziangukie muda wa rekodi barabara. Hapo tofauti ndogo ni halali.

Rekodi nguvu ya mguso kila maikrosekunde 10. Picha za umbo zima ziwe chache, la sivyo diski itajaa kabla treni haijafika Kigoma.