Unamwombea kaka yako, au unamshtaki?

Dada wa Jinja, umesema unafunga, unakesha, unapaza sauti mpaka inakauka kwa ajili ya kaka yako anayekunywa waragi, pombe ile kali, na kukicha yuko vilevile. Unauliza kama umepungukiwa upako. Wenzangu wamekushauri uongeze siku za kufunga. Mimi nikueleze lililonipata hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda.

Nina kibanda cha chai na chapati kando ya foleni ya malori, na wateja wangu ni madereva wa trela. Ijumaa usiku nilikuwa zamu ya waombezi kanisani. Machi 2020 serikali ikafunga shule na nyumba za ibada, halafu madereva wakaanza kupimwa korona mpakani. Foleni ikarefuka kilomita kwa kilomita, mji ukawaogopa wale watu kama ukoma, na kibanda changu kikafa. Sisi waombezi watano tukapatana kila mmoja aombe kwake saa tisa usiku. Niliomba, dada! Jasho lilinitoka, nikanena kwa lugha, nikilia: Bwana, waondoe watu hawa mpakani kwetu.

Asubuhi mama mmoja wa kundi letu, Mlokole wa siku nyingi, akanipigia simu kuuliza nimeomba nini. Nikamwambia. Akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, Ibrahimu alipoambiwa habari za Sodoma, alisimama upande wa nani?"

Swali hilo lilinikaa rohoni kutwa nzima. Ibrahimu alimsihi Mungu asiuangamize mji, akaanza na wenye haki hamsini akashuka mpaka kumi, akiutetea mji ambao haukuwa wake. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kuwashtaki watu, na kazi ya kuwashtaki ndugu mchana na usiku tunajua Ufunuo unampa nani: Shetani.

Usiku uliofuata nikamkumbuka dereva mmoja wa safari za Juba. Chai yake huwa haina sukari, kwa sababu ana kisukari. Nikajiuliza: kwenye foleni ile anapata wapi dawa? Anakula nini? Hapo machozi yakaja yenyewe, na sauti isitoke. Ndipo nikaelewa Paulo alipowaambia Wagalatia kwamba anawaonea utungu. Nilikuwa nimeusoma mstari ule miaka mingi nikidhani utungu ni kelele. Kulipokucha tukachanga tulichokuwa nacho, tukawapelekea maji na chakula.

Kwa hiyo nakuuliza kwa upendo: saa ya kumwombea kaka yako, unamweleza Mungu nini? Kama ni orodha ya aibu aliyowaletea nyumbani, acha kwanza. Kaa naye siku hajanywa. Mjue alianza lini, alimzika nani, anaogopa nini. Mzigo wa maombi hushuka kwa mtu unayemjua.

Na usiubebe peke yako. Mikono ya Musa aliyoiinua wakati wa vita ilichoka, Haruni na Huri wakaishika. Yule mama hupenda kutukumbusha kwamba Simeoni Nsibambi, Mganda, na Dakta Joe Church, mmishonari Mwingereza, walipokutana Namirembe, Kampala, mwaka 1929, walikuwa watu wawili tu wenye kiu, wakasoma Neno na kuomba pamoja, na uamsho wa Walokole ukaenea Afrika Mashariki yote. Tafuta mmoja wa kuomba naye.

Kuhusu kufunga, mimi kufunga kukavu, bila hata maji, kuliniachia vidonda vya tumbo. Kunywa maji, na kama unatumia dawa usiziache. Kaka yako naye, kama amekunywa sana kwa miaka mingi, msimfungie ndani aache ghafla, maana anaweza kupatwa na degedege na hata kufa. Mpelekeni kwa daktari. Hospitali ya Butabika kule Kampala wanawatibu watu wa pombe. Ombeni huku anatibiwa.

Bado tunaamka saa tisa. Niandikie jina lake la kwanza tu, na jambo moja unalolipenda kwake. Ijumaa hii tutamtaja.