Sanamu kulipuka tanurini: hewa haina kosa

SWALI: Ninafinyanga sanamu za korongo taji, kimo sentimita 30. Nazianika juani siku nne, kisha nachoma kwa kuni. Kila mara viwiliwili hulipuka ndani ya saa ya kwanza. Fundi ameniambia ni hewa iliyonaswa ndani, nitoboe kwa spoki. Nimetoboa, bado zinalipuka. Msomaji, Mukono.

JIBU: Ndugu, hewa unaisingizia. Ikipata moto hutanuka kidogo, na udongo mkavu una vinyweleo vya kuipitisha. Kinacholipua ni maji: yakichemka, mvuke wake unataka nafasi zaidi ya mara 1,600. Korongo wako amejaa udongo mtupu tumboni. Jua limekausha ngozi, moyo bado mbichi, na matundu machache ya spoki hayaukaushi.

Sanamu ikigandamana kiasi cha kukatika bila kubonyea, ipasue kwa waya, ukombe ndani hadi ukuta ubaki sentimita moja na nusu, mbili ukizidi sana. Kwaruza kingo, paka uji wa udongo, unganisha, kisha acha tundu la msumari chini. Udongo wenyewe uchanganye na vigae vilivyosagwa, sehemu moja kwa nne. Anika kivulini, chini ya kavera (mfuko wa plastiki) iliyolegezwa, wiki mbili au tatu. Wakati wa mvua ongeza. Iguse kwa shavu: ukihisi ubaridi, bado ina maji.

Hata hapo usiwashe kwa pupa. Saa tano au sita za mwanzo ni makaa na vijiti mdomoni mwa tanuri tu. Kuni kubwa zije baadaye, polepole, na ukishamaliza usifungue mpaka matofali yashikike kwa mkono.

Vipande vilivyolipuka saa ya kwanza, ukizima moto hapo hapo, havijaiva. Viloweke, vitarudi kuwa udongo.

Kinachoniudhi ni mafundi wanaouza dawa za haraka. Mmoja anamwagia kuni mafuta ya taa ili tanuri lishike upesi, na hiyo ndiyo njia ya uhakika ya kulipua kila kitu. Mwingine anatia saruji kwenye udongo. Saruji ikichomwa huvunjika na kuacha chokaa. Chokaa hiyo hunyonya unyevu, ikavimba, na sanamu inabanduka vipande wiki kadhaa baadaye, ikiwa kwa mteja aliyekwisha kulipa. Akikuletea fundi wa namna hiyo mfuko wa saruji, mrudishie, na udongo uliokwisha changanywa usiuingize tanurini.